AC ya gari haipozi: maswali mnayoniuliza kila siku hapa Mtwara

Mtwara kuchele wadau. Kila ikifika Oktoba mpaka Machi simu yangu haipumziki, joto limepanda, watu wameshika hela ya korosho, alafu ndo wanakumbuka kumbe AC ya gari ilikufa tangu mwezi wa sita. Maswali ni yale yale kwaiyo nimeamua niyaandike sehemu moja, ukiniuliza nakutumia hii usome kwanza. Mimi ni fundi umeme wa magari, AC nilijifunzia Lindi kabla sijahamia Mtwara mjini, na kuna jambo moja ntalirudia humu mpaka mnichoke: gesi ya AC haiishi kama petroli.

Fundi, gesi ya gari yangu imeisha, kujaza shingapi?

Nani kakwambia imeisha? Hili ndo swali namba moja na karibu kila anayeuliza hajafungua hata boneti. Gesi ya AC inazunguka tu humo humo ndani, haichomwi wala hailiwi. Kompresa inaibana inakuwa ya moto, inaenda kwenye kondensa pale mbele ya rejeta inapoa na kuwa maji, inapita kwenye draya (kikopo kinachonyonya unyevu), inafika kwenye kivalvu chenye tundu dogo sana, ikitokea upande wa pili presha imeshuka kwaiyo inachemka na kugeuka gesi tena ndani ya evaporeta chini ya dashibodi, na katika kuchemka huko ndo inanyonya joto la ndani ya gari. Inarudi kwa kompresa, safari inaanza upya. Gari nzima inaweza kukaa miaka 10 na gesi ile ile iliyotoka nayo Japan. Kwenye oringi (vipete vya mpira vya kwenye viungo) na mipira ya mabomba inapenya kidogo mno miaka ikienda, hiyo ni kawaida, lakini ukiona imepungua mpaka haipozi ujue kuna sehemu inavuja, na ukijaza bila kutafuta panapovuja umenunua baridi ya wiki 2.

Ngoja niwape yaliyonikuta mwenyewe. Kabla sijagusa mambo ya AC nilikuwa na Raum, nikiwa Lindi, AC ikaanza kutoa upepo vuguvugu mchana. Nikapeleka gereji moja, jamaa hata hakuangalia, akaleta mtungi akajaza. Jioni tukajaribu, upepo wa bahari unapiga, baridi safi, nikalipa. Kesho yake saa saba mchana hali ile ile. Nikarudi, akaongeza. Mwaka mmoja nimejaziwa mara 3! Mara ya nne nikasema ngoja niangalie mwenyewe, kwani mimi si fundi umeme bwana? Nikafungua boneti AC ikiwa imewashwa nikakuta feni ya kondensa imesimama tuli. Brashi za mota zimekwisha. Nikaweka mota ya mtumba na bado ikawa haipozi vizuri, kwa nini, kwa sababu gesi sasa ilikuwa imezidi, mara 3 zote mtu anaongeza juu ya gesi iliyopo. Ilibidi itolewe yote ipimwe upya kwenye mzani. Tangu siku hiyo ndo nikaingia kwenye fani hii, kwa hasira tu.

Kabla sijaja kwako naweza kuangalia nini mwenyewe?

Mengi, tena bure. Washa gari, weka AC, blowa (feni ya ndani inayopuliza upepo) namba kubwa, kinobu cha joto zungusha mpaka mwisho upande wa bluu. Alafu tafuta kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojikunja humo ndani, bonyeza taa yake iwake. Nimewahi kuletewa gari kutoka Naliendele "AC imekufa", nikabonyeza hicho kitufe tu, tukakaa dakika 5, mwenye gari akawa anacheka kwa aibu. Kikiwa kimezimwa gari inavuta hewa ya nje muda wote, na hewa yetu ya pwani ina joto na unyevu, evaporeta nguvu yake yote inaishia kugeuza unyevu kuwa maji. Kikiwashwa inazungusha hewa ya ndani ambayo imeshapoa tayari. Ila gari ikiwa imeanikwa juani fungua vioo kwanza uendeshe dakika 1 au 2 joto litoke ndo ufunge.

Baada ya hapo sikiliza. Ukibonyeza AC gari nyingi utasikia "tak" kule mbele na sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inabadilika kidogo. Shuka fungua boneti uangalie kompresa: puli ya nje inazunguka muda wote na mkanda, lakini ile sahani ya katikati inatakiwa izunguke pale tu AC inapokuwa imewashwa. Angalia na feni za mbele kama zinazunguka. Kisha angalia bomba mbili za aluminiamu zinazoingia kwenye ukuta wa injini kuelekea kwenye dashibodi, ile nene iguse, inatakiwa iwe ya baridi na inatoa jasho kama chupa ya soda. Ile nyembamba inakuwa na joto, usiikamate moja kwa moja, na karibu na kompresa kuna inayochoma kabisa. Mikono mbali na mkanda na feni, ushungi, kanga, tai, mikono mirefu ya shati, vyote mbali, feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe bila taarifa.

Ukija na majibu ya hayo, sahani inazunguka au haizunguki, feni inawaka au haiwaki, bomba nene baridi au hapana, umeshanipunguzia nusu ya kazi na wewe umejipunguzia nusu ya bili.

Upepo ni wa baridi ila unatoka kidogo sana, nifanyeje?

Filta ya AC. Gari nyingi za Toyota ipo nyuma ya lile sanduku la mbele ya abiria, unalibana pembeni linashuka, unaona kifuniko, unachomoa. Vumbi la njia za Tandahimba na Newala likiingia humo utakuta filta imekuwa kama tofali. Na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane watu wakipuliza salfa kwenye mikorosho, gari ikipita mashambani ile unga nayo inaingia, wengine wanabeba mifuko ya salfa humo humo ndani ya gari alafu wanauliza mbona AC inanuka. Badilisha filta, kama huna hela leo ikung'ute vumbi, usiioshe kwa maji ni ya karatasi. Na usiitoe ukaitupa ukatembea bila filta, uchafu wote utaenda kunasa kwenye evaporeta na hapo dashibodi itabidi ishuke.

Kama blowa inafanya kazi namba ya mwisho tu, namba ndogo zote kimya, hiyo ni rezista ya blowa, kitu kidogo. Gari zenye AC ya kujirekebisha yenyewe, ile ya kioo chenye namba, hazina rezista ya hivyo, zina moduli.

Sahani ya kompresa haizunguki kabisa. Kompresa imekufa?

Taratibu. Kompresa haijiwashi, inaamriwa. Kuna swichi ya presha inazuia klachi (ile sahani kuing'ang'ania puli) isikamate gesi ikiwa kidogo sana au presha ikiwa kubwa sana, hiyo ni ulinzi. Kuna fyuzi, kuna relei, kuna sensa ya baridi kwenye evaporeta, na kompyuta ya gari nayo inaweza kukataa kama injini imechemka. Anza na fyuzi, alafu relei, mara nyingi relei ya AC inafanana na ya honi kwenye boksi lile lile, angalia namba zilizoandikwa juu yake kama ni sawa zibadilishane sehemu uone. Relei ikiwa sawa nami nachukua taa ya kupimia, nakagua kama umeme unafika kwenye waya wa klachi. Umeme unafika na klachi haikamati, basi koili imeungua au uwazi kati ya sahani na puli umekuwa mkubwa kwa kulika, na huo uwazi unarekebishika kwa kutoa kishimu kimoja, kile kiduara chembamba kinachoachanisha sahani na puli. Wapo wanaouziwa kompresa nzima kwa ajili ya kishimu unene wa ukucha.

Umeme haufiki? Panya. Simtanii mtu. Gari inayolala karibu na ghala la korosho panya wanahamia chini ya boneti, waya wanautafuna kama karanga.

Halafu kuna gari za kisasa hazina klachi kabisa, kompresa inazunguka muda wote na inajiongezea na kujipunguzia nguvu kwa valvu ya umeme. Kwenye hizo ukisema "mbona inazunguka" hujasema kitu.

Nikitembea inapoza, nikisimama inaanza joto

Hii naipenda kwa sababu haihitaji geji. Ukiwa unakimbia kwenda Mikindani upepo wa njiani unapiga kondensa, inapoa. Ukisimama kwenye foleni ya kivuko cha Msangamkuu hakuna upepo, kazi yote ni ya feni, na kama feni imekufa au inazunguka kivivu presha inapanda mpaka kompresa inajizima. Angalia feni kwanza. Kama feni iko sawa angalia uso wa kondensa, wadudu, matope, majani, mifuko ya nailoni, naoshea maji ya presha ndogo, ukipiga presha kubwa ya kuoshea gari karibu karibu zile fini (vijani vyembamba vya aluminiamu) zinalala na umeziba mwenyewe. Na kati ya kondensa na rejeta pia kunajaa takataka, hapo wengi hawaoshi. Zikishatoka hizo zote na bado, fikiria gesi iliyozidi.

Kuna mtihani wa kienyeji: gari imesimama, AC inatoa joto, mwagie kondensa ndoo ya maji taratibu, maji tu ya kawaida, kama baridi inarudi hapo hapo ujue tatizo ni kondensa haipoi. Sio matibabu hayo, ni kipimo.

Nikitoka Dar AC safi kabisa, nikifika Nangurukuru upepo unaisha kidogo kidogo na joto linaanza, nikipumzika nikanywa chai nikirudi inapoza tena

Hiyo ni barafu. Evaporeta imeganda, barafu imeziba njia ya upepo. Ukikaa ukanywa chai barafu inayeyuka, utaona na kidimbwi cha maji chini ya gari. Safari ya Dar mpaka Mtwara ni kilomita kama 560, ni masaa mengi ya kuendesha AC bila kupumzika na gari yenye sensa mbovu ya evaporeta lazima ijulikane njiani. Kazi ya ile sensa ni kuzima kompresa evaporeta inapokaribia nyuzi sifuri. Filta iliyoziba nayo inasababisha, gesi pungufu nayo inasababisha, kwaiyo anza na filta kwa sababu ni rahisi. Ukiwa bado uko njiani zima AC acha blowa inapuliza dakika 15, itayeyuka, uendelee.

Kama inakatika na kurudi lakini upepo haupungui, hiyo ni nyingine, pengine kuna unyevu umeingia kwenye mfumo na unaganda pale kwenye kitundu cha valvu. Hiyo inatokana na fundi aliyejaza gesi bila kuvuta vakyumu, yaani bila kunyonya kwanza hewa yote iliyomo. Tutafika huko.

Taa ya AC inawaka na kuzima zima yenyewe

Toyota nyingi zikifanya hivyo zinakuambia kompresa haizunguki sawa na injini, aidha mkanda umelegea unateleza au kompresa inajam. Zima AC usilazimishe. Kwenye gari ambazo mkanda ni mmoja kwa vyote, kompresa ikijam ikakata mkanda umepoteza chaji na pampu ya maji papo hapo, na pampu ya maji ikisimama injini inachemka. Bora joto la mtu kuliko la injini.

Gesi yangu inavuja, hasa inavujia wapi?

Huku kwetu pwani mshukiwa wa kwanza ni kondensa. Iko mbele kabisa, inapigwa mawe, na chumvi ya bahari inaila taratibu, gari zinazolala Shangani na Mikindani nazijua kwa kuangalia tu pale chini ya kondensa, aluminiamu imechanua unga mweupe. Baada ya hapo oringi za kwenye viungo, sili ya mbele ya kompresa, kale kavalvu ka kujazia gesi (kako kama ka tairi, kifuniko kikipotea mchanga unaingia), na mwisho evaporeta ambayo hakuna anayeiombea kwa sababu dashibodi nzima inashuka.

Gesi inavyotoka inatoka na oili yake, kwaiyo doa la mafuta lenye vumbi lililogandia kwenye kiungo cha bomba la AC ndo ushahidi wako wa kwanza. Povu la sabuni linasaidia kwa mvujo mkubwa. Mdogo tunaweka rangi inayong'aa kwenye taa ya ultravaioleti, unaendesha siku kadhaa unarudi tunamulika. Njia nzuri zaidi ni kujaza naitrojeni kavu na kuangalia presha kama inashuka. Ninachokataa ni kujaza upepo wa kompresa ya matairi kupima mvujo, ule upepo una maji, na R134a (ndo gesi ya AC ya gari nyingi) ikichanganyika na hewa kwenye presha kubwa inaweza kuwaka, jambo ambalo mafundi wengi hawalijui kwa sababu wameshazoea kuambiwa R134a haishiki moto.

Zile dawa za kuziba mvujo za kumimina? Achana nazo. Zinaziba mvujo, na valvu, na draya, na siku moja mashine ya fundi ya kujazia gesi.

Fundi aliweka geji akaniambia presha iko poa, mbona haipozi?

Aliipima injini ikiwa imezimwa? Hapo ndo watu wanapigwa. Injini ikiwa imezimwa presha inafuata joto la hewa, sio wingi wa gesi. R134a kwenye nyuzi 30 inasoma kama 97 hivi kwenye geji za psi, uwe na gramu 150 au gramu 500, ilimradi humo ndani kuna gesi ya maji maji kidogo tu. Kipimo cha maana ni gari ikiwaka, AC imewashwa, sailensa imepandishwa kidogo, milango wazi. Kwa joto letu geji ya bluu (upande wa presha ndogo) naitegemea 30 mpaka 45 na nyekundu (upande wa presha kubwa) 200 mpaka 250 hivi, siku ya jua kali inaweza kuzidi.

Zote mbili chini, gesi pungufu. Zote mbili juu, gesi imezidi au kondensa haipoi au kuna hewa imeingia. Bluu juu nyekundu chini, hapo sasa kompresa imechoka kweli, haibani. Bluu inashuka mpaka chini ya sifuri, kuna sehemu imeziba, mara nyingi ni valvu. Wala sio uchawi, ni mizani tu, lakini mtu anayesoma geji moja alafu anatoa hukumu mwogope.

Vakyumu ni lazima? Jamaa anajaza bila hiyo na bei yake ni nusu

Lazima, na kwa Mtwara na Lindi lazima mara mbili. Mfumo ukishafunguliwa hewa inaingia, hewa yetu ni mbichi muda wote, unyevu ukikutana na gesi na oili unatengeneza asidi inayokula kompresa kutoka ndani. Pampu ya vakyumu inashusha presha mpaka maji yanachemka kwa joto la kawaida na kutoka kama mvuke. Mimi navuta si chini ya dakika 30, mfumo uliokaa wazi muda mrefu navuta zaidi, alafu nafunga geji nangoja dakika 15 kuona kama sindano inarudi. Ikirudi sijazi. Umekasirika unataka kuondoka na baridi leo, sawa, ila sijazi.

Na gesi inapimwa kwa mzani wa gramu. Chini ya boneti kuna stika imeandikwa aina ya gesi na uzito wake, gari ndogo nyingi ni kati ya gramu 400 na 600. Sasa mtu anajaza kwa kusikiliza na kushika bomba, atajuaje gramu 80 za ziada? Na gari ndogo gramu 80 tu inaiharibia baridi.

Naweza kujaza gesi ya kupikia? Nimesikia inapoza kuliko hata ile

Inapoza kweli, sikatai, propani na butani zote ni gesi za kupoza. Lakini evaporeta iko ndani ya gari mbele ya magoti yako. Ikivuja inavuja kwenye kabini imefungwa vioo, abiria kawasha sigara au swichi ya blowa imepiga cheche, umekwisha. Na ukimpelekea fundi mwingine bila kumwambia unamwachia bomu na yeye.

Kuna wale wa utani, "fundi sisi watu wa Mtwara tuna gesi Msimbati mpaka tunaipeleka Dar kwa bomba, AC itukose?" Gesi ya Msimbati ni methani jamani, ya kuzalisha umeme na ya viwandani, haiwi maji kwa presha ya kompresa ya IST.

Kopo la gesi nililonunua dukani la bei rahisi, ni salama?

Inategemea lina nini ndani, na kwa macho huwezi kujua. Gesi feki ipo duniani na imeua: mwaka 2011 makontena ya baridi ya kwenye meli yalilipuka kwa sababu yalijazwa R134a iliyochakachuliwa na gesi nyingine inayoitwa R40, ile R40 inakutana na aluminiamu inatengeneza kitu kinachowaka chenyewe ikikutana na hewa, na watu walikufa. Mtungi mkubwa wa kawaida wa R134a ni kilo 13.6, muulize fundi wako akuonyeshe mtungi, sio dhambi kuuliza. Land Cruiser za zamani za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zinaweza kuwa na mfumo wa gesi ya kizamani ya R12, na gari mpya mpya baadhi zina gesi ya R1234yf, hizo hazichanganywi na R134a hata kidogo. Stika, stika, stika.

Jingine, gesi ikitoka wazi inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikugusa jicho ni ajali. Miwani.

Kompresa ilikufa kwa kelele, nimebadilisha nyingine ya mtumba, imekufa tena baada ya mwezi

Pole. Ile ya kwanza ilivyosagika ilimwaga unga wa chuma kwenye mfumo mzima na hiyo ya pili umeilisha ule unga. Ukiona oili imetoka nyeusi inayong'aa kama rangi ya fedha, kondensa inabadilishwa (zile za kisasa vijitundu vyake ni vidogo mno, hazisafishiki zikaisha), draya mpya, valvu mpya, mabomba yanasafishwa, oili sahihi kiasi sahihi. Ni ghali, najua. Ndo maana nasema mapema: ukisikia kompresa inalia, zima AC siku hiyo hiyo.

Nina Aqua, hapa kwetu kuna fundi wa kuiweza?

Muulize swali moja tu kabla hajagusa: unaweka oili gani? Prius, Aqua na haibridi (za petroli na umeme) nyingine za Toyota kompresa yake haina mkanda, inazungushwa na umeme mkubwa kutoka kwenye betri ya haibridi, na inatumia oili ya ND-11. Akiweka oili ya PAG ya gari za kawaida ile inapitisha umeme, gari inagundua mvujo wa umeme na inaweza kukataa kuwaka. Hata geji zenye mabaki ya PAG kwenye mipira yake zinachafua. Na waya za rangi ya chungwa usiziguse, sio za fyuzi za kuchomoachomoa.

Noah yangu mbele baridi, nyuma joto, abiria wanalalamika

Nyuma kuna evaporeta yake, valvu yake na blowa yake, na mabomba marefu yanayopita chini ya gari ambako yanapigwa mawe na maji ya chumvi. Gesi ikianza kupungua mara nyingi nyuma ndo kunasema kwanza. Ila kabla ya yote hakikisha swichi ya AC ya nyuma imewashwa pale mbele kwa dereva. Nacheka lakini imetokea.

Upande wa dereva baridi, abiria joto

Gesi pungufu, au kile kimota kinachozungusha mlango wa hewa ya moto na baridi kimekwama. Ukisikia "tk tk tk tk" ndani ya dashibodi ukiwasha gari, ni kimota, meno ya plastiki yamekatika.

AC inanuka kama nguo mbichi, alafu kapeti la abiria limelowa

Ukungu kwenye evaporeta, na kapeti ni bomba la kutolea maji limeziba. Gari inayolala chini ya mwembe majani yanaingia pale chini ya waipa yanaoza humo. Kazibue, kabomba kanatokea chini ukutani upande wa abiria, waya laini taratibu au upepo kidogo. Maji kudondoka chini ya gari AC ikiwaka ni afya, yasipodondoka kabisa siku ya unyevu ndo ushangae. Harufu unaizuia kwa kuzima AC dakika 2 au 3 kabla hujafika nyumbani ukaacha blowa ikaushe.

Nikipandisha mlima kwenda Newala AC inakata, ni ugonjwa?

Ukikanyaga mafuta mpaka chini gari nyingi zinazima kompresa sekunde chache injini ipate nguvu, hiyo ni kawaida. Ikikata mlima mzima angalia mshale wa temperecha, injini ikikaribia kuchemka inajinyima AC yenyewe. Hapo tatizo lako ni rejeta wala sio AC. Na ndio, AC inakula mafuta, ila ukiwa barabara kuu kufungua vioo vinne nako kunavuta gari.

Bei?

Sitaji humu, gesi inapanda na kushuka na kila gari na gramu zake. Mwambie fundi akutenganishie: kutafuta tatizo kiasi gani, gesi kiasi gani kwa gramu, vakyumu, spea, ufundi. Anayekupa bei moja ya "kujaza gesi" kabla hajafungua boneti anakuuzia nilichouziwa mimi kwenye Raum.

Msimu wa kipupwe siwashi AC kabisa mpaka Oktoba, kuna shida?

Ipo. Oili ya kompresa inatembea na gesi, AC isipowashwa miezi minne sili zinakauka na hapo ndo gesi inapata mlango, hasa sili ya mbele ya kompresa. Hata Julai ile asubuhi ya Newala unayovaa sweta, washa AC dakika 10 mara moja kwa wiki. Ukiona baridi weka na joto juu, vyote viwili vinafanya kazi pamoja, na kioo kikiwa na ukungu kitakauka haraka kuliko unavyofuta na kitambaa.